Herufi Tatu Juu ya Ekseli

Ile amri niliitoa mimi. Kwa miaka mingi nilikana. Nilikana ofisini, nilikana kwenye semina, na siku moja nilikana mbele ya darasa zima la vijana wa chuo cha ufundi waliokuwa wakiandika kila neno nililosema. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunihamisha, na nyinyi mliobaki karakanani mnaweza kusahihisha madaftari yenu. Amri ya kupiga herufi tatu kwa tindo juu ya kila ekseli ya karakana ya Kwale ilitoka kinywani mwangu, asubuhi kweupe, nikiwa na akili timamu na shahada ya uhandisi. Ilikaribia kumnyang'anya mtu mwema usukani wake. Vyeo na mishahara tuviache, mtavisoma kwenye faili. Nitawaeleza habari ya ekseli.

Karakana ilikuwa mjini Kwale, juu ya kilima, na uhuru ulikuwa bado mpya. Kalenda ya ukutani ilikuwa na picha ya malkia. Sisi tuliigeuza, si kwa siasa bali kwa sababu upande wa nyuma ulikuwa mweupe na tulitaka pa kuandika zamu. Siku yangu ya kwanza mlinzi wa lango alinielekeza kwenye chumba cha mpiga chapa. Nilipomwambia mimi ndiye injinia mpya, alinitazama, akatazama barua yangu, kisha akaniuliza kama injinia mwenyewe anakuja nyuma.

Aliyenipokea ndani ni Fundi Mwinyi. Alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vinene, na alikuwa amefanya kazi hapo tangu siku za wazungu. Alinipa ovaroli ya kuwatosha wawili, akaniongoza hadi kwenye gari lililopandishwa kwa jeki, akanipa spana nifungue gurudumu. Nilikuwa najua kukokotoa, mpaka desimali ya tatu, nguvu inayohitajika kusokota fimbo ya chuma mpaka ikatike. Nati ya gurudumu ilinishinda.

"Nati hii haijasoma, mwanangu," akasema. Akachomeka bomba refu kwenye mkia wa spana, akaliegemea kidogo kama mtu anayesubiri chai, na nati ikalegea. Mwaka ule wa kwanza nilijifunza mengi kutoka kwa bomba lile kuliko kwa wahadhiri wawili ambao sitawataja.

Kitu kilichonikera tangu mwanzo ni kuazimana. Karakana za mkoa zilikuwa na desturi ya kusaidiana vipuri, na hilo lilikuwa jema, ila kipuri kilichoondoka Kwale kipya kilirudi kikuukuu, na kila mtu aliapa kwamba ndicho kilekile. Nikaamua kutia alama. Nilianza na viti, nikaenda kwenye ngazi, birika la chai, makopo ya grisi, kisha vipuri. Kwa vipuri vikubwa rangi haikutosha, kwani huoshwa na petroli, basi nikaagiza herufi K, W na L zikatwe kwa tindo katikati ya chuma, mahali ambapo haziwezi kusuguliwa na tupa bila kuacha dalili. Fundi Mwinyi alishika tindo na nyundo. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Kisha likaja lile lori. Wilaya ilitaka zahanati ya magurudumu, itakayopeleka muuguzi na dawa kwa watu wa vijiji vya mbali, kuanzia bara kavu ya wafugaji mpaka Jego, huko kusini karibu na Vanga. Tulipewa lori la zamani la jeshi, lenye kuvuta magurudumu yote manne. Mashine yake ilikuwa nzima. Tulilivua mpaka likabaki chesisi, na seremala mmoja wa Msambweni akatujengea bodi ya mvule yenye makabati, kitanda na tangi la maji. Alikuwa amezoea kutengeneza milango ya nyumba za watu wenye uwezo, na bodi ile ingeweza kuhimili kuzingirwa na jeshi. Tulipolipitisha lori kwenye mizani, mwenye mizani alituuliza kama tumesahau kuteremsha mzigo.

Dereva alikuwa Mzee Bakari wa Bongwe, mtu wa karibu miaka hamsini. Kaki yake ilipigwa pasi mpaka soksi. Kila alipofika pahala pabaya alisimamisha lori, akateremka, akatembea kwa miguu mpaka ng'ambo akikanyagakanyaga, akarudi, ndipo akapita. Muuguzi alilalamika kwamba nusu ya safari ya Jego huenda kwa mwendo wa miguu ingawa yeye mwenyewe hateremki.

Pamoja na uangalifu wote huo, alianza kuvunja ekseli. Kwa usahihi, kilichokuwa kikivunjika ni shafti, yaani fimbo ya chuma iliyomo ndani ya ekseli, inayochukua mzunguko kutoka kwenye difu, lile bonge la gia lililo katikati, mpaka kwenye gurudumu. Ikikatika, mashine inanguruma, gurudumu limesimama, na muuguzi anaanza kuuliza maswali. Ya kwanza ilikatika kabla ya Jego. Ya pili na ya tatu zilikatika njia ya Msambweni. Kila mara tuliweka nyingine mpya kutoka stoo, na baada ya miezi michache nayo hukatika.

"Bakari, umelipanda tena kama punda?" Fundi Mwinyi alimwuliza siku moja akiwa amelala chini ya lori. Miguu yake tu ndiyo iliyokuwa ikionekana.

"Punda ana adabu, Mwinyi. Punda akichoka husimama. Chuma chako hukaa kimya mpaka nifike mahali pasipo hata chai."

"Nyumbani kwako unaendesha kitanda pia hivyo?"

"Nyumbani kwangu hakuna kitu ulichokitengeneza wewe. Ndiyo maana vyote vinafanya kazi."

Mimi nilivutiwa na jambo moja. Huko bara, kwenye matope meusi ya msimu wa mvua yanayonasa gurudumu mpaka kitovuni, shafti hazikuvunjika. Zilivunjika pwani, mahali panapoonekana rahisi. Nikaomba kusafiri na Bakari nione. Tulipopita Kinondo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Pale njia ni mchanga laini, na chini ya mchanga kuna jiwe la matumbawe. Gurudumu linazunguka bure mchangani, linapata kasi, kisha ghafla linalidaka jiwe na kusimama. Mshtuko ule niliusikia kwenye meno. Nikatoa daftari, nikaandika mstari mzima wa hesabu huku Bakari akinitazama pembeni.

"Umekipata?" akauliza.

"Nimekipata, Mzee Bakari. Shafti hizi ni nyembamba mno kwa uzito huu na njia hii."

"Alhamdulillahi. Mimi Bwana Mkuu ameniandikia kwamba mguu wangu ndio mzito."

Bwana Mkuu ndiye aliyesimamia karakana zote za mkoa, naye alikaa Mombasa. Barua ile ilikuwa onyo la pili. Nilimwahidi Bakari kwamba onyo la tatu halitakuja. Kuhusu shafti nilikuwa sahihi kwa nusu, na ile nusu ndiyo iliyoniponza.

Tulikuwa na njia tatu. Tungeweza kuendelea na shafti za kawaida na kubeba mbili za akiba safarini. Tungeweza kuchongesha nyingine kwa chuma kigumu zaidi kwa mafundi wa Mombasa, ila chuma kigumu hakikubali kujisokota kidogo kinaposhtuliwa, na kujisokota huko ndiko kunakookoa. Au tungebadilisha ekseli yote ya nyuma, tuweke ya gari zito. Karibu na Bongwe, kwenye machimbo ya mawe ya kujengea, kulikuwa na lori la mawe lililokufa mashine, na ekseli yake ilikuwa nzima. Nililala chini yake nikaipima. Shafti zake zilikuwa nene kama mkono wa mchonga mawe. Nikasukuma rula yangu ya hesabu huku na huku, na jibu likatoka zuri mno hata sikulirudia.

Fundi Mwinyi hakufurahi. "Ukiweka shafti isiyovunjika, mwanangu, kitakachovunjika ni nini?"

"Hakitavunjika kitu, Fundi."

"Iko siku kitu huvunjika. Mimi huuliza tu kipi, na wapi, na kama nitaweza kukibadilisha nikiwa nimelala chali mchangani. Shafti naibadilisha kabla ya adhana ya alasiri. Giaboksi ikipasuka Jego, tutaoa hukohuko."

Swali lile ndilo la kwanza mnalopaswa kuliuliza mnapochagua ekseli, na ninalirudia hapa kwa sababu mimi sikulisikia. Ekseli inachaguliwa pamoja na kila kilicho mbele yake na nyuma yake. Tulifanya kazi majuma matatu. Tulihamisha springi, tukapinda mabomba mapya ya breki, tukafupisha shafti ndefu inayotoka giaboksi. Ekseli ile ilikuwa pana kuliko chesisi, basi magurudumu ya nyuma yakatokeza nje ya bodi, na lori likawa linatembea kama bata. Siku ya mwisho nilimkumbusha Fundi Mwinyi asisahau herufi juu ya shafti. Hakusahau. Na kwa kuwa chuma kilikuwa kigumu zaidi, alipiga kwa nguvu zaidi.

Ilidumu muda mrefu kuliko zote. Nilianza kutembea karakanani kwa mwendo wa mtu mwenye nadharia. Kisha asubuhi moja mtu wa baiskeli alileta ujumbe kutoka Kinondo: lori limesimama, Bakari anasema shafti, na watu wa kijiji wanabeba masanduku ya dawa vichwani.

Barua ya Bwana Mkuu ilikuwa fupi. Dereva aliyeweza kuvunja hata ekseli ya lori la mawe, aliandika, ni hatari kwa mali ya umma. Ifikapo mwisho wa mwezi avuliwe udereva, apelekwe kwenye kikosi cha kuchimba mitaro. Nikaona nilichokuwa nimefanya. Shafti nyembamba zilipokatika, mtu angeweza kulaumu shafti. Kwa kumtafutia Bakari chuma kinene kuliko vyote, nilikuwa nimemwondolea udhuru wake wa mwisho.

Alikuja ofisini amevaa kaki yake. Soksi zilikuwa zimenyooka.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba, Bibi Injinia." Hakukaa nilipomwonyesha kiti. "Sikuja kuomba. Usidhani nimekuja kuomba. Nimekuja kuuliza. Wewe umesoma, na tumesafiri pamoja umeniona. Nilifanya nini?"

Nikamwambia anipe siku mbili.

"Chukua," akasema. "Mitaro haikimbii."

Kesho yake nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya baada ya kukatika kwa kwanza. Niliacha hesabu, nikavitazama vipande. Mpaka siku ile nilikuwa nikivitupa kwenye rundo la chuma chakavu nyuma ya karakana na kuandika "imevunjika" kwenye daftari. Nilikileta kipande cha Kinondo mezani, penye mwanga wa dirisha, nikakifuta.

Nilitarajia uso wa chuma uwe wa namna moja, chembechembe na mng'ao, kama kitu kilichokatika kwa mkupuo. Haukuwa hivyo. Sehemu ndogo tu upande mmoja ndiyo iliyong'aa. Iliyobaki ilikuwa laini na ya kijivu, na juu yake kulikuwa na mistari ya kupinda, mmoja baada ya mwingine, kama mgongo wa ganda la chaza. Nikamwita Fundi Mwinyi.

Alikishika, akakipindua, akapitisha ukucha. "Hiki hakikuvunjika Kinondo," akasema. "Kinondo kilimalizikia tu. Kilianza kupasuka zamani, kidogo kidogo. Tazama, mpaka kutu imeingia. Kimekuwa kikitembea na ufa ndani."

"Umeanzia wapi?"

Mistari ya chaza ilituonyesha yenyewe. Yote ilizunguka sehemu moja, ikizidi kuwa midogo, mpaka ikaishia kwenye nukta ukingoni mwa chuma. Nikakigeuza kipande kuona nje yake kuna nini pale kwenye nukta. Palikuwa na mguu wa herufi W.

Tulikwenda kwenye rundo. Shafti ya kwanza ilikuwa imekatikia kwenye K. Ya pili kwenye L. Ya tatu kwenye K tena. Nilikaa juu ya tairi. Nilikumbuka mhadhara wa mwaka wa pili, juu ya namna mkwaruzo mdogo tu kwenye fimbo inayosokotwa unavyokusanya nguvu yote mahali pamoja. Nilikumbuka hata swali la mtihani. Nililijibu vizuri sana.

"Wale wachonga mawe wa Bongwe," Fundi Mwinyi akasema, "wakitaka jiwe likatike wanapotaka wao, hulichora mstari kwanza. Halafu hugonga mara moja tu."

"Fundi, ulijua?"

"Ningejua ningepiga? Nilidhani chuma si jiwe." Akaifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole. "Na wewe ndiwe uliyesoma."

Hakulisema kwa ubaya, ndiyo maana liliuma.

Nilitaka ushahidi zaidi ya vipande vya rundo, naye akanifundisha njia ambayo ninawaachia, kwa kuwa haihitaji mashine. Tulichomoa shafti zote zenye herufi kutoka kwenye magari mengine ya karakana. Tukazitia mafuta ya taa, tukaziacha mpaka mafuta yapenye. Tukazifuta kavu kabisa, kisha tukazipaka unga wa chaki. Tukasubiri. Penye chuma kizima chaki ilibaki nyeupe. Penye ufa mafuta yalirudi juu taratibu na kuchora mstari mweusi mwembamba kama unywele. Kwenye shafti mbili mstari ulitokea, na yote miwili ilitoka kwenye herufi. Magari yale yalikuwa ya lami na mizigo myepesi. Shafti zake zingekatika mwaka mwingine, chini ya madereva wengine, na madereva hao nao wangeandikiwa barua.

Bakari alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumsikia akija. Aliutazama mstari ule unaochomoza kwenye chaki kwa muda mrefu, akiwa ameinama, mikono nyuma.

"Kumbe mguu wangu mwepesi," akasema.

Kwa wanaotaka kujua mwisho wa lori: ile ekseli nzito tuliirudisha machimboni. Tuliirudisha ekseli ya kwanza, tukaitia shafti za kawaida, mpya, zisizo na hata doa. Tulimwomba yule seremala apunguze mbao, akakubali kama mtu anayetahiriwa, na tukabeba shafti moja ya akiba chini ya kitanda. Kwenye mchanga wa Kinondo mshtuko ulikuwa uleule, na meno yangu ni shahidi. Shafti zilijisokota kidogo, zikajinyoosha, zikaendelea.

Lakini kabla ya hayo ilinibidi kupiga simu Mombasa, na siku za mwezi zilikuwa zimebaki tatu.

Hapa lazima niseme kuhusu barua nyingine, iliyobandikwa ukutani juu ya simu hiyohiyo. Ilikuwa ya Bwana Mkuu, imeandikwa mwaka mmoja kabla. Ilinisifu kwa ubunifu wa kutia alama mali ya umma, na ilisema kwamba kwa saini yake ameagiza karakana zote za mkoa zifuate mfano wa Kwale. Niliibandika mahali ambapo kila anayeingia angeiona. Sasa nilikuwa ninaisoma mimi, nikimsubiri opereta aniunganishe.

Laini zilikuwa mbaya, na mtu alilazimika kuzungumza kwa sauti ya mnadi samaki. Kwa hiyo karakana nzima ilisikia upande wangu. Fundi Mwinyi alisimama mlangoni. Bakari alikuwa uani, ameegemea lori, anajifanya kufuta kioo.

"Unasema dereva hana kosa?" Bwana Mkuu akauliza.

"Hana, bwana. Shafti zilipasuka kwa sababu ya alama."

"Alama gani?"

"Herufi zilizokatwa kwa tindo. Chuma kinaanza kupasukia hapo. Tumevikagua vipande vyote, na magari mengine pia."

"Herufi zipi hizo?"

"Zile za utaratibu wa kutia alama mali, bwana."

Kukawa kimya. Kimya kiliendelea mpaka opereta akaingia kati na kuuliza kama tumemaliza. Tulimjibu kwa pamoja kwamba bado.

"Utaratibu huo," akasema, sasa polepole kabisa, "ulianzishwa na nani?"

Nilikuwa nimefungua kinywa kusema ni mimi. Nawaapia, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Fundi Mwinyi alikuwa anaitazama mikono yake, ile iliyopiga. Kisha macho yangu yakaenda kwenye barua ukutani, kwenye saini pana ya wino wa buluu, na nikaelewa kwamba Bwana Mkuu hakuwa akiuliza kwa kutojua.

"Tuliurithi, bwana," nikasema. "Tangu enzi za wakoloni."

"Nilidhani hivyo," akajibu upesi. "Nilidhani hivyo hasa. Liandike hivyo kwenye ripoti. Ukomeshwe mkoa mzima kuanzia leo. Na huyo dereva, jina lake nani?"

"Bakari, bwana."

"Bakari. Abaki kwenye lori lake."

Simu ikakatika. Uani, Bakari alikuwa ameacha kioo na ameshapanda kwenye usukani. Mlangoni, Fundi Mwinyi, aliyefanya kazi chini ya wazungu watatu na hakumwona hata mmoja wao akipiga herufi juu ya ekseli, alikuwa akiitazama sakafu kwa makini sana.